Tao Kwenye Mlango wa Jumba la Mji

Madirisha ya chumba chetu cha kumbukumbu yalikuwa usawa wa barabara, kwa hiyo watu wa mji wetu wa Kragsø tuliwatambua kwa viatu kabla ya kuwaona sura. Kila Jumanne baada ya chakula cha mchana mimi na Verner Tange tulishuka humo, chini ya jumba la mji, yeye na kioo chake cha kukuzia, mimi na penseli, katikati yetu chupa ya kahawa na kile kilichobaki cha keki ya Jumapili. Kazi yetu ilikuwa moja. Yeye aliangalia picha za zamani na kutaja majina, mimi nikayaandika nyuma.

"Kushoto ni Valborg wa duka la kofia," angesema. "Anayefuata ni mumewe. Anayefuata ni yule ambaye ndiye angefaa kuwa mumewe."

"Niandike hivyo?"

"Andika majina tu, Rigmor. Mwenye macho ataona walivyosimama."

Wazee wetu walikuwa na kosa moja. Walipenda kupiga picha, lakini hawakuandika jina hata moja. Nani aandike jina la shangazi yake nyuma ya picha, na shangazi mwenyewe anaonekana kila siku dukani akilalamikia bei ya siagi? Basi shangazi wakafa, na picha zikaletwa kwetu kwenye maboksi ya viatu, maelfu ya watu wanaotutazama kama wageni. Aliyebaki akiwajua ni Verner. Alikuwa mtunza jumba la mji miaka arobaini na moja. Alifagia, aliwasha jiko, aliwamiminia madiwani kahawa. Madiwani walidhani mtu anayemimina kahawa hana masikio.

Sasa alikuwa na miaka themanini na minane na nyonga mbaya. Kumbukumbu yake ilikuwa kali kama kisu cha kumenyea viazi, lakini yeye mwenyewe alisema hajui itadumu mpaka lini. "Nyumba ikiungua," alisema, "huanzia darini."

Mji wetu ni wa watu elfu moja na mia tisa. Asta, aliyekuwa mpeleka barua wetu, huwa anawatoa katika hesabu wale wa barabara ya kiwanda cha jibini, kwa sababu miaka yote aliyowapelekea barua hawakumpa hata biskuti ya Krismasi. Hadhi ya mji tulipewa na mfalme, miaka mia tano na kitu iliyopita. Kitabu cha shule kilisema ni kwa ajili ya uaminifu wetu. Verner alisema mfalme alikuwa anapita tu, tumbo likamshika, akalala kwetu siku tatu, na ile hati ilikuwa ya kuwaziba watu midomo. Mimi sikuwapo. Ila hati ipo na muhuri upo, na kwa hati hiyo tuliwadharau watu wa Storvang, wasio na hati, karne tano nzima, mpaka mwaka 2007 serikali ilipounganisha halmashauri, nao Storvang wakatumeza bila kututafuna.

Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, halmashauri mpya iliamua kuliuza jumba letu kwa daktari wa meno. Picha na makaratasi yote yangepelekwa Storvang, kilomita arobaini, ambako basi huenda mara mbili kwa siku na ngazi za jengo la huko ni ndefu. Msichana wa kule alitupigia simu kwa adabu, akasema kumbukumbu zetu zitawekwa katika chumba chenye joto linalofaa.

"Vizuri," Verner alisema nilipomwambia. "Watakuwa na afya njema. Ila hakuna atakayejua ni akina nani."

Nikahesabu picha zilizobaki bila majina. Zilikuwa mia sita na arobaini. Funguo zingekabidhiwa kwa daktari wa meno tarehe tatu Novemba. Kwa mwendo wetu wa Jumanne, tulihitaji zaidi ya nusu mwaka. Verner hakulalamika. Alikunja kitambaa chake cha kufutia kioo mara nne, kama anavyokunja mtu leso msibani.

Asta alikuwa ameingia kula keki yetu. Alituangalia, akaangalia maboksi, akauliza huku anatafuna, "Jumba hili lilifunguliwa lini?"

"Elfu moja mia tisa na nane," nikasema. "Mwezi wa kumi na moja."

"Basi linatimiza miaka mia. Kumbe! Watu wakivumiliana miaka ishirini na mitano tunawajengea tao. Wakivumiliana hamsini, tao. Jumba limeishi na mji huu miaka mia na halijatoroka, jambo ambalo Kirstine wa bucha hakuliweza hata kwa mumewe, halafu sisi tukae tu?"

Ndivyo tunavyofanya kwetu, watu wanapotimiza miaka mingi ya ndoa. Majirani husuka kwa siri tao la matawi ya misonobari, na maua ya karatasi, na namba ya miaka juu yake, wakalisimamisha mlangoni kabla hakujakucha. Asubuhi huja na tarumbeta na kuimba. Wenye nyumba hutoka na nguo za kulalia na kujifanya wameshtuka. Na yule anayesimama chini ya tao akasema karibuni, amejitwika milo mitatu. Kifungua kinywa cha asubuhi hiyo, karamu yenyewe, na chakula cha siku ya kulishusha tao. Maana mwenye nyumba haligusi. Mikono iliyolisimamisha ndiyo italishusha, na kwetu Kragsø hushushwa sindano za majani zinapoanza kuanguka. Kabla ya hapo, nyumba yenye tao haiuzwi, haihamwi, hata ugomvi husubiri.

Verner alikiweka kioo chini. Kisha akasema polepole, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Msonobari wa kawaida unapukutika ndani ya wiki moja."

"Ndiyo hivyo," Asta akasema.

"Ule wa Krismasi, ule wa ghali, haupukutiki."

Asta aliacha kutafuna. "Mzee, wewe ni ibilisi."

"Nimefanya kazi na madiwani miaka arobaini na moja," Verner akajibu, akaomba kahawa.

Tao tulilisuka kwa matawi ya ule wa ghali, kwenye banda la Asta, siku nne, wanawake kumi na wawili na mwanamume mmoja aliyekuja kutuonyesha namna, tukamtuma akate waya. Verner alituandikia vipimo vya mlango bila kwenda kupima. Mlango ule alikuwa ameupaka rangi mara kumi na nne.

Tarehe tatu, saa moja asubuhi, mji mzima ulikuwa umesimama uwanjani kwenye ukungu. Tao lilikuwa mlangoni, nene na la kijani, na namba mia juu yake. Gari la halmashauri likaja kwa ajili ya zile funguo, na wakashuka watu wawili. Mmoja alikuwa katibu wa halmashauri, kijana wa Copenhagen mwenye mkoba mwembamba. Wa pili alikuwa meya, Torkild Høgsbro. Huyo ni wetu. Alizaliwa kwenye shamba la Høgsbro nje kidogo ya mji, akahamia Storvang, akachaguliwa huko, na tangu hapo Asta alikuwa akimwita Yuda, ila kwa sauti ya mtu anayemfahamu tangu akiwa na kamasi.

Walipofika mlangoni tarumbeta ikalia, nasi tukaimba beti zote sita. Nilimtazama meya usoni. Alianza kwa kukunja uso. Kwenye ubeti wa pili alivua kofia. Kwenye ubeti wa nne nikaona midomo yake inafuata maneno. Mama yake alimlea vizuri yule. Wimbo ulipokwisha watu wote wakawa wanamwangalia, naye amesimama palepale chini ya tao, na mdomo ukajisemea wenyewe:

"Asanteni sana, majirani. Karibuni ndani."

"Amesema karibuni!" Asta akapiga kelele. "Mmesikia wote!"

"Kimetokea nini?" katibu akauliza.

Meya alitazama juu, akaiona ile namba mia, akaelewa. Masikio yake yakawa mekundu. "Nadhani," akasema, "nimeoa jengo."

Katibu alitumwa dukani kwa mwokaji kutafuta mikate mia na ishirini, na jibini, na siagi, na ile pombe chungu ya mitishamba ambayo bila hiyo asubuhi ya tao haihesabiwi. Alirudi amebeba mifuko hadi kidevuni. Mtu mmoja wa barabara ya kiwanda cha jibini akamfungulia mlango. Nimeliandika hilo kwa sababu Asta hataki kulikumbuka.

Kesho yake halmashauri iliagiza wafanyakazi wake walishushe tao. Wafanyakazi wenyewe walikuwa wawili, wote wa kwetu. Walisimama wakalitazama.

"Mimi niliguse?" mmoja akasema. "Mke wangu ndiye aliyelisuka. Nitalala wapi?"

Naye daktari wa meno alipigiwa simu na mama yake. Mama huyo ni wa kijiji cha jirani. Nasikia alimwambia, "Ukiingia nyumba yenye tao la watu, Krismasi usije kwangu." Daktari akaandika barua kwamba atasaini tao likishashushwa, kwa utaratibu wa wenyeji. Meya akasema sindano zikianza kuanguka, basi. Tukakubaliana hivyo, tukapeana mikono.

Tangu siku hiyo mimi na Verner tulishuka kila siku isipokuwa Jumapili. Picha ishirini kwa siku, nyingine ishirini na tano. Watu walituletea supu. Mwokaji alileta keki zilizovunjika, na ninavyojua mimi nyingine alizivunja makusudi. Verner aliinama juu ya kioo, akawaita mmoja mmoja kutoka kwenye karatasi. Watoto wa shule wa mwaka 1931. Kikosi cha zimamoto na ngamia. "Ngamia?" "Sarakasi ilipita. Ngamia jina lake Fatma. Andika." Wasichana wa kiwanda. Mchungaji mmoja aliyelewa kwenye ubatizo, na mtoto ambaye kwa sababu hiyo alibatizwa mara mbili.

Wiki ya pili, viatu vya kahawia vya mjini vikashuka ngazi zetu. Alikuwa meya.

"Mzee Verner, mama Rigmor. Naweza kukaa?"

Nikamsogezea kiti. Alikuwa amechoka. Alisema madiwani wa Storvang wanamcheka kila kikao, wanamuuliza bibi harusi hajambo.

"Na hajambo?" Verner akauliza.

"Anavuja darini."

Tulicheka wote watatu. Kisha meya akasema alichojia. Babu yake, Anders Høgsbro, aliwahi kuwa diwani hapa. Nyumbani walikuwa na picha moja tu, ikaungua pamoja na ghala. "Nilikuwa na miaka minne alipokufa. Nakumbuka mkono wake tu. Kama mna picha yake, ningependa kuiona."

Nilijua tunayo. Ilikuwa palepale mezani, baraza la madiwani la mwaka 1954, watu tisa mbele ya mlango ambao sasa ulikuwa na tao. Verner aliichukua, akaweka kioo, akataja wanane kutoka kushoto, na vyeo vyao, na aliyekuwa akikoroma vikaoni. Akafika kwa wa tisa, mwenye masharubu na mguu wa kushoto umegeukia ndani.

"Huyu simjui," akasema.

Meya alimtazama. Sijui alihisi nini. Alishukuru, akamaliza kahawa yake, akapanda ngazi.

"Verner," nikasema.

"Nimesema simjui."

"Ulimmiminia kahawa miaka kumi na miwili."

Alikifuta kioo, upande huu na ule. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka tisa na hakuwahi kuniambia alilonisimulia sasa. Mwaka ule wa 1954 madiwani walipiga kura kama bomba la maji lipelekwe Mtaa wa Ngozi, mtaa wa vibarua, ambako yeye na mkewe Elna walikuwa wamepanga chumba. Wanne walisema ndiyo, wanne walisema hapana. Anders Høgsbro alikuwa wa mwisho. Alisema watu wa Mtaa wa Ngozi wana miguu, na pampu ya uwanjani ina maji. Verner alikuwa amesimama nyuma yake na birika mkononi.

"Februari ile Elna aliteleza kwenye barafu na ndoo mbili," akasema. "Alikuwa na mimba ya miezi saba. Hatukupata mwingine." Akaiweka picha chini ya boksi. "Wote nitawapa majina yao, Rigmor. Hata wezi. Huyo akae hivyohivyo."

Sikumbishia. Nilimkatia kipande kikubwa cha keki, na siku ile tukafanya picha tisa tu.

Wiki ya nne hali ya hewa ikaharibika. Upepo wa bahari ukaja na chumvi, na upande wa kusini wa tao ukaanza kupata rangi ya chai. Asta alikuwa akilikagua kila asubuhi, mikono nyuma kama jemadari. Katibu naye alikuja kutoka Storvang na kitambaa cheupe, akakitandaza chini ya tao, akatikisa tawi moja. Zikaanguka sindano tatu.

"Zimeanguka," katibu akasema.

"Hizo hazijaanguka, umeziangusha," Asta akamjibu. "Nikikutikisa wewe hivyo si utamwaga meno?"

Lakini sisi tulijua. Zilikuwa zimebaki picha mia moja na tatu, na lile tao lilikuwa na siku mbili, au tatu kama lina huruma. Verner alianza kutaja kwa haraka, na haraka ilimchanganya. Aliwachanganya dada wawili, akagonga meza kwa hasira. Nikamwambia apumzike. Akasema atapumzika Storvang, kwenye joto linalofaa.

Alhamisi asubuhi tukakuta upande wa kusini umekuwa kijani tena. Matawi makavu yameondolewa, mabichi yamechomekwa, tena kwa ustadi, waya zimefichwa ndani. Nilimshukuru Asta.

"Si mimi," akasema. "Ningekuwa mimi ningejisifu."

Ijumaa tulifika mapema kuliko kawaida, saa moja na nusu, kunapambazuka. Verner alikuwa ndiyo kwanza anakaa tuliposikia kitu kikigonga ukuta juu yetu. Kwenye dirisha tukaona miguu miwili ya ngazi, na kwenye kipago cha pili viatu vya kahawia vya mjini, vimelowa hadi kwenye kamba. Tawi likaanguka kwenye vioo. Sauti huko juu ikatoa tusi ambalo mama yake hakumfundisha.

Nilianza kucheka. Verner hakucheka. Alikuwa amekitazama kile kiatu cha kushoto, kilivyogeukia ndani.

"Hao akina Høgsbro wote wanakanyaga hivyo," akasema. "Babu alikuwa anakanyaga hivyohivyo."

"Ana shamba la miti ya Krismasi, ndugu yake," nikasema. "Atakuwa ameyatoa huko."

"Akionekana atachekwa mpaka uchaguzi."

"Ndiyo."

"Na anajua nilimdanganya. Mtu hawezi kuwajua wanane asimjue wa tisa."

"Nadhani anajua, Verner."

Huko nje ngazi iliondolewa taratibu, kama mtu anayetoka chumba chenye mtoto aliyelala. Viatu vikaenda zao. Verner akasogeza boksi lililofuata, tukaendelea, na siku ile hakumchanganya mtu yeyote.

Matawi yale yalitupa siku sita. Jumatano mchana tulimaliza, zote mia sita na arobaini, isipokuwa moja. Verner aliitoa chini ya boksi. Nilishika penseli, lakini akanyoosha mkono.

"Hii lete nitaandika mwenyewe."

Ikamchukua muda mrefu kuliko keki na kahawa. Hakunionyesha. Alipanda ngazi kwa nyonga yake ile, akaenda mpaka nyumbani kwa Asta, akamwambia, "Lishusheni. Zimeanguka."

"Mbona naona kama bado?"

"Asta. Zimeanguka."

Tulilishusha Jumamosi, mikono ileile iliyolisimamisha. Meya alitoa chakula katika ukumbi wa juu, njegere za njano na nyama ya nguruwe, kama mtu aliyelelewa vizuri. Katibu alifunga aproni akagawa sahani, na aliyempongeza zaidi alikuwa Asta, ingawa alisema anagawa kama mtu wa Copenhagen, yaani kwa kijiko kidogo. Maboksi yalikuwa yamepangwa mlangoni, yamefungwa kamba. Jumatatu yangekwenda Storvang, na jumba lingekuwa la daktari wa meno. Hilo hatukulibadilisha.

Baada ya chakula Verner alitoa picha kwenye mfuko wa koti, akampa meya bila neno. Meya aliitazama mbele, watu tisa mlangoni. Kisha akaigeuza. Nilikuwa karibu, nikasoma pamoja naye:

*Wa tisa ni Anders Høgsbro. Alitunyima maji Mtaa wa Ngozi. Mjukuu wake alileta matawi.*

Meya aliisoma mara mbili. "Mlipewa maji mwaka gani?" akauliza mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hamsini na saba."

"Iandikwe na hiyo, mama Rigmor."

Nikaiandika. Kisha meya akaona kikombe cha Verner kiko kitupu, akalichukua birika la kahawa mezani, akasimama nyuma ya kiti chake na kummiminia. Verner alitazama mbele, mgongo umenyooka kama diwani.

"Usijaze," akasema. "Mkijaza mnamwaga kwenye zulia, na mfagiaji ni mimi."